Kazi 250 na Simu Moja: Kujisomea Historia ya Sanaa ya Dunia Ukiwa Kisumu

Mpwa wangu aliponiambia anataka kujisomea historia ya sanaa ya dunia nzima, kosa la kwanza nililifanya mimi. Nilimwambia aanze mwanzo. Ilikuwa likizo ya Desemba, anajiandaa kuingia Kidato cha Pili, ana bando la mwezi na daftari jipya la kurasa 200. Mimi nikadhani historia ni historia: unaanza na watu wa mapangoni, unateremka nao karne kwa karne mpaka ufike leo. Agosti ilipofika alikuwa amekwama Roma. Daftari lilikuwa limejaa majina ya wafalme, lakini nikimwuliza kwa nini sanamu hii imesimama hivi na ile vile, alikuwa ananitazama tu.

Tangu hapo tumesoma pamoja, jioni akija kwangu Migosi, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji ili isianguke. Nimeona fundo la somo hili lilipo. Watu huogopa wingi wa vitu, na ni kweli vitu ni vingi. Lakini kinachomchosha mwanafunzi anayejisomea ni kwamba nyuzi mbili zinavutana, wakati na mahali. Ukifuata wakati peke yake, leo uko Misri, kesho China, keshokutwa Meksiko, na hakuna unachokiona kikikua. Ukifuata mahali peke yake, unamaliza Ulaya bila kujua Afrika walikuwa wanafanya nini mwaka huohuo. Darasani mwalimu ndiye hushika nyuzi zote mbili. Nyumbani ni wewe na simu.

Nieleze kwanza somo lenyewe, maana hapa kwetu watu huchanganya. Kwenye somo la sanaa la KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari, mwanafunzi huchora na kutengeneza vitu kwa mikono yake. Historia ya sanaa haitaki uchore hata yai. Inataka utazame kitu kilichotengenezwa na mwingine, ueleze kimetengenezwaje, kilikuwa cha kazi gani, kinaonyesha nini, na kilizaliwa katika mazingira gani. Hayo maswali manne ndiyo mzigo wote. Mengine yote ni mifano.

Kozi inayotumiwa sana na wanaojisomea ni AP ya College Board ya Marekani, kozi ya kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari, kwa sababu iko wazi: orodha ya kazi zote zinazotahiniwa imechapishwa, kila mtu anaiona, na maelezo ya karibu kila kazi yanapatikana bure kwenye tovuti ya Smarthistory. Kazi ni 250, zimegawanywa katika maeneo kumi. Mtihani hufanyika Mei: maswali 80 ya kuchagua jibu kwa saa moja, kisha maandishi sita kwa saa mbili, mawili marefu na manne mafupi. Alama ni kuanzia 1 hadi 5.

Sasa tazama namna zile 250 zilivyogawanywa, kwa maana hapo pana habari. Historia ya kabla ya maandishi, kutoka dunia nzima, ina kazi 11. Mediterania ya kale ina 36, na humo ndimo Misri ilimowekwa. Ulaya ya awali pamoja na Amerika za kikoloni zina 51. Ulaya na Amerika za baadaye zina 54. Wenyeji wa Amerika wana 14, Afrika 14, Asia ya Magharibi na ya Kati 11, Asia ya Kusini, Mashariki na Kusini-Mashariki kwa pamoja 21, visiwa vya Pasifiki 11, na sanaa ya sasa ya dunia 27. Jumlisha utapata 250. Kisha jumlisha 36, 51 na 54: ni 141, zaidi ya nusu. China, Japani, India na majirani wao wote wamepewa 21.

Mpwa wangu alizikagua zile 14 za Afrika usiku mmoja akaniuliza, "Mjomba, sisi tuko wapi?" Kuna mnara wa mawe wa Great Zimbabwe, msikiti wa udongo wa Djenné nchini Mali, bamba la shaba la ikulu ya ufalme wa Benin, Nigeria ya leo, kigoda cha dhahabu cha Waasante, kinyago cha Wachokwe, ubao wa kumbukumbu wa Waluba. Kenya hakuna. Uganda hakuna, Tanzania hakuna, Ethiopia hakuna. Inabidi ushuke mpaka eneo la kumi, sanaa ya sasa, ndipo unampata Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, na Julie Mehretu, mzaliwa wa Addis Ababa. Wote wawili walijenga majina yao Marekani.

Hapo ndipo nilipobadilisha njia. Orodha yoyote ya sanaa ya dunia ni hoja ya mtu. Kuna waliokaa wakaamua nini kiingie na nini kibaki nje, na mwanafunzi anayelijua hilo mapema husoma tofauti na yule anayedhani kaletewa dunia yote kwenye sinia. Zaidi ya hayo, pengo lile lina faida kwake. Swali la kwanza la maandishi kwenye mtihani ni la kulinganisha: unapewa kazi moja, wewe unachagua ya pili uilinganishe nayo, na unaruhusiwa kuchagua kazi ambayo haimo kwenye orodha, mradi inafaa. Mwanafunzi wa Kisumu ana vitu vya kulinganisha ambavyo wenzake wa Ohio wataviona kwenye picha tu.

Kwa hiyo tulifunga daftari la Roma, tukapanda matatu mpaka Homa Bay, nyingine kupitia Rodi Kopany, na mwisho boda kwenye vumbi mpaka Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori.

Thimlich Ohinga, jina ambalo kwa Kijaluo lina maana ya msitu mnene wa kutisha, ni maboma ya mawe yaliyojengwa, kwa makadirio ya wataalamu, karne ya 16. UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zina urefu wa kati ya mita 1.5 na 4.5 kwenda juu, unene wa kama mita moja, na hakuna udongo wala chokaa iliyoshikanisha jiwe na jiwe. Zimesimama kwa kupangwa tu. Mwanafunzi akisoma sentensi hiyo kwenye simu, anaipita. Akisimama mbele ya ukuta, lazima aulize: zinasimamaje?

Tulikaa karibu saa nzima kwenye kipande kimoja cha ukuta. Nilimpa sharti: dakika kumi za kwanza ni kutaja unachokiona, marufuku kutaja unachokijua. Akaandika kwamba mawe hayakuchongwa. Kwamba hakuna mawili yaliyofanana, makubwa kwa madogo yamechanganywa, na kila moja limetafutiwa nafasi yake. Kwamba ukuta una tabaka la nje na la ndani, na katikati kuna mawe madogo yaliyojazwa, yanayokaza yote. Kwamba mlango ni mwembamba na wa chini, mtu mzima anapita ameinama. Baada ya hapo nikamruhusu aulize kwa nini. Ukiingia umeinama, mlinzi aliye ndani anakuona wewe kabla hujamwona yeye. Ndani walikaa watu na mifugo yao. Ukuta ulikuwa wa kukinga familia na ng'ombe.

Tuliporudi nyumbani akafungua picha ya Great Zimbabwe. Nako pia hakuna udongo kati ya mawe, na ndiyo maana vitu hivi viwili vinafaa kuwekwa pamoja. Lakini pale mawe ni matofali ya graniti yaliyokatwa yakalingana, yamepangwa mistari kwa mistari kama ukuta wa fundi wa leo. Ukuta wa nje wa boma kubwa unafika mita 11 kwenda juu na mzunguko wake ni kama mita 250. Ndani kuna mnara mnene uliojaa mawe matupu, hauna chumba wala ngazi. Wataalamu wengi huuona kama umbo la ghala la nafaka, ishara kwamba mtawala ndiye anayelisha watu. Ule ukuta haukujengwa hasa kwa vita. Ulijengwa uonekane. Ufundi ni wa aina moja, mawe makavu juu ya mawe makavu, lakini mmoja unasema "usiingie" na mwingine unasema "tazama".

Katika maneno hayo mawili ameshaandika nusu ya insha ya kulinganisha. Nusu iliyobaki ni mazingira, na hapo Great Zimbabwe ina kisa kinachofaa kujulikana. Mzungu Carl Mauch alipofika mwaka 1871 alidai kwamba ni kazi ya Malkia wa Sheba. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba akasema ni kazi ya Waafrika, na mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson akathibitisha. Hata hivyo utawala wa walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, uliendelea kuukwepa ukweli huo kwa miaka mingi, kwa sababu nchi iliyowahi kujenga vile isingeweza kuambiwa kwamba haikuwa na historia. Mwanafunzi akiulizwa "mazingira ya kazi hii ni yapi", ajue mazingira hayaishi siku jengo lilipokamilika.

Great Zimbabwe ina ndege pia, wale waliochongwa kwa jiwe la sabuni, mmoja wao sasa yuko kwenye bendera ya Zimbabwe. Jiwe la sabuni! Safari ya Tabaka, Kisii, haihitaji hata kulala njiani. Pale utaona jiwe likikatwa kwa msumeno, likichongwa likiwa bado na unyevu, kisha kina mama wakilisugua kwa msasa na maji mpaka liwe laini kama shavu. Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka, ana sanamu ya ndege kwenye makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Jiwe ni la aina moja na umbo ni ndege yuleyule kwa jumla, lakini yule wa Zimbabwe alisimama juu ya nguzo mahali pa heshima, huyu alitumwa akazungumze na mataifa, na maelfu ya wadogo zake huuzwa kwa watalii pale barabarani. Ukishayaona hayo matatu, swali la "kitu hiki kilikuwa cha kazi gani" halikupi shida tena.

Sina maana kila kitu kitapatikana umbali wa nauli ya matatu. Sanamu za Wagiriki haziko Kondele. Ila namna ya kuziona inaweza kutoka Kondele. Kuna sanamu mbili kwenye orodha ambazo kila mwalimu wa somo hili huziweka sambamba. Ya kwanza ni kouros wa Anavysos, kijana wa marumaru wa karibu mwaka 530 KK: mikono ubavuni, mguu mmoja mbele, uzito sawa kwa miguu yote miwili. Ya pili ni Doryphoros, mbeba mkuki wa Polykleitos, wa karibu mwaka 450 hadi 440 KK, tunayemjua kwa nakala za marumaru za Kirumi kwa sababu ile ya shaba ilipotea. Huyu uzito wake uko mguu mmoja, nyonga imepanda upande huo, bega limeshuka, mguu mwingine umelegea. Vitabu vina neno la Kiitalia kwa mkao huo, kontraposto, na wanafunzi hulikariri kama dawa. Mimi nilimwambia mpwa wangu amtazame mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza kwenye gwaride la Jumatatu, kisha amtazame kondakta anayesubiri gari lijae, kiwiko kwenye mlango. Yule wa kwanza ni kouros. Kondakta ni Doryphoros. Kati yao kuna karibu karne moja ya wachongaji waliokuwa wanajifunza kwamba mwili uliotulia hausimami wima kama nguzo.

Vivyo hivyo ukubwa kama cheo. Kwenye bamba la mawe la Narmer, Misri, la karibu mwaka 3000 KK, mfalme ni mkubwa kuliko kila mtu. Kwenye bamba la shaba la Benin la karne ya 16, Oba, yaani mfalme, ni mkubwa na wasaidizi wake wamepungua kadiri vyeo vinavyopungua. Wapo wanaodhani wachoraji hao hawakujua vipimo vya mwili. Basi watazame bango la kampeni la mgombea yeyote wa ugavana wa Kisumu: kiongozi wa chama kajaa nusu ya bango, mgombea yuko chini yake, na mgombea mwenza ni kichwa tu kwenye kona. Hakuna anayesema mpiga chapa hakujua vipimo.

Na msikiti wa Djenné. Ni jengo kubwa kuliko yote ya udongo duniani, hilo ndilo lililosimama leo likiwa limejengwa upya mwaka 1907 mahali pa misikiti ya zamani. Vigogo vinachomoza kwenye kuta zake, na kila mwaka mji mzima hujitokeza kulikandika upya, wanaume wakipanda kwenye vigogo hivyo, wanawake wakileta maji. Mtu aliyekulia nyumba ya saruji atasoma hayo kama ajabu. Aliyemwona nyanya yake huku Siaya au Vihiga akikandika nyumba kwa udongo na mavi ya ng'ombe kabla ya sherehe anajua tayari kwamba jengo la udongo halimaliziki. Kulikandika ni sehemu ya kulijenga.

Mwaka ule 1907 unanirudisha kwenye nyuzi zile mbili. Dawa tuliyoipata kwa uzi wa wakati ni ukurasa mmoja kwa muongo mmoja, na kila ukurasa lazima uwe na kitu cha hapa. Chukua miaka kumi ya kwanza ya karne ya 20. Desemba 1901 reli inafika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence. Mwaka 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeipinga reli hiyo, anauawa na afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen. Mwaka 1907 Djenné wanajenga msikiti wao upya, na mwaka huohuo Picasso anamaliza Les Demoiselles d'Avignon jijini Paris, baada ya kutazama vinyago vya Afrika kwenye jumba la makumbusho la Trocadéro. Klimt yuko Vienna anapaka dhahabu kwenye picha yake ya The Kiss. Ukiweka vyote kwenye ukurasa mmoja, swali linajiuliza lenyewe: vile vinyago vilifikaje Paris?

Jibu lake ni sehemu ya somo, na si sehemu ya kufurahisha. Bamba la Benin tulilolitaja lilitoka kwenye ikulu iliyovamiwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897. Maelfu ya vitu vilichukuliwa, vikauzwa, vikasambaa kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Ujerumani ilianza kurudisha baadhi yake kwa Nigeria mwaka 2022. Kwetu pia kuna kisa kama hicho. Fimbo za Koitalel zilichukuliwa alipouawa, na zilirudi Kenya mwaka 2006, zikitoka kwa mwana wa Meinertzhagen. Sasa ziko Nandi Hills, kwenye jumba la kumbukumbu ya kiongozi huyo. Mradi wa utafiti ulioihusisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya umeorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyoko kwenye taasisi za nje. Kwa hiyo mwanafunzi anapoona chini ya picha jina la jumba la makumbusho la London au Berlin, asilipite kama anwani. Ni sura ya mwisho ya hadithi ya kitu hicho, na mara nyingine bado inaandikwa.

Kuna jambo dogo linalowaangusha wanaosomea kwenye simu: kila kitu kina ukubwa wa kiganja. Piramidi ya Khufu, iliyokuwa na mita 146, na mawe ya Apollo 11 kutoka Namibia yanayotosha mkononi, yote yanajaza kioo kilekile. Kitambaa cha Bayeux kina urefu wa karibu mita 70, na kwenye simu ni utepe. Tulinunua futi kamba ya fundi nguo. Kila kazi mpya, kabla ya kusoma chochote, anapima ukubwa wake ukutani au uani. Picha ya Jan van Eyck ya mume na mke wa Arnolfini ina sentimita 82 kwa 60, haizidi dirisha dogo. Las Meninas ya Velázquez ina zaidi ya mita tatu kwenda juu, haiingii sebuleni kwangu. Mama yake alipoona chaki kwenye ukuta wa nje aliuliza nani anajenga.

Kuhusu ratiba nitasema kidogo. Kazi 250 kwa sita kila wiki ni kama wiki 42, ambazo zinaacha nafasi ya mitihani ya shule na magonjwa ya malaria. Kazi tatu kwa siku zinawezekana kwa hesabu, kwa akili hapana. Na sita za wiki moja zisitoke eneo moja. Sisi huchukua nne za eneo tunalosoma na mbili za kwingine zinazofanana nazo kwa kazi au kwa kifaa. Wiki ya mitungi ya David, ile jozi ya kauri ya China ya mwaka 1351 yenye rangi ya buluu iliyotoka Uajemi, tuliisoma pamoja na makaburi ya nguzo ya pwani yetu, Mambrui na kwingineko, ambako bakuli za Kichina zilipachikwa ukutani. Mtoto wa Kisumu alishangaa kwamba buluu ya Uajemi ilipita China kabla ya kufika Malindi. Na mimi pia.

Kukumbuka ndiko kulikotusumbua zaidi, na dawa ilitoka kwenye orodha yenyewe. Lukasa ya Waluba wa Kongo ni ubao mdogo wenye shanga na michongo. Mjuzi huushika kwa mkono wa kushoto na kupitisha kidole cha kulia juu ya shanga, huku akisimulia nasaba za wafalme, safari na mipaka. Shanga moja inaweza kuwa mtu, mahali au tukio, kulingana na anayesimulia na anayesikiliza. Mpwa wangu alipoisoma alinyamaza kidogo, kisha akaomba kipande cha mbao. Akagundisha vifungo vya nguo, punje za mahindi na mbegu za parachichi: kifungo ni kazi, punje ni mwaka, mbegu ni jambo linalounganisha kazi mbili au zaidi. Sasa hujisimulia ubao wake kwa sauti akiosha vyombo. Nimejaribu kuusoma nikashindwa, na nadhani ndivyo inavyopaswa.

Kuna mzazi ataniuliza: yote hayo yatampa nini? Kwa KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, hakuna. Alama za AP haziingii kwenye hesabu ya kujiunga na vyuo vyetu. Zinaweza kumfaa anayeomba chuo cha nje, na mtihani wenyewe lazima ufanyiwe kwenye kituo kilichoidhinishwa, ambacho kwa mtu wa huku kitamaanisha kusafiri na kujiandikisha miezi mingi kabla. Sijamshinikiza. Mdogo wake aliingia Gredi ya 10 Januari 2026, kundi la kwanza la sekondari ya juu kwa mtaala mpya, ambako mkondo wa sanaa na michezo una hadhi sawa na sayansi, angalau kwenye karatasi, na tayari anaazima madaftari ya dadake. Ukitaka kuanza bila kujiandikisha popote, anza na kilicho karibu nawe. Wa Nakuru wana Hyrax Hill, iliyochimbwa na Mary Leakey mwaka 1937 na 1938, yenye mashimo ya bao yaliyochongwa mwambani. Wa Busia wana michoro ya miamba ya Kakapel, miduara na ng'ombe. Wa Mbita wavuke mpaka Mfangano, kwenye miduara myekundu na myeupe ya Kwitone na Mawanga. Nendeni na daftari, dakika kumi bila kutaja unachokijua.

Wiki hii yuko kwa Wangechi Mutu, kazi ya mwaka 2006 iitwayo Preying Mantra: mwanamke amejilaza juu ya kitambaa chenye mapambo, kati ya miti, ngozi yake imejaa madoa ya mwanga kama majani. Jina linachezea maneno ya Kiingereza, praying mantis, ya mdudu yule tunayemwita vunjajungu, ambaye hukunja mikono kama anayeomba na kumbe anawinda. Nilianza kumweleza kuhusu kolaji, yaani kubandika vipande vya picha, na plastiki aliyoitumia msanii, akaniinulia kidole. Dakika kumi zilikuwa hazijaisha.